Uzi Mwekundu Kwenye Mboga ya Mgeni Rasmi

Juzi nimegombana na kijana wa duka la pembejeo hapa Kihesa, na hasira bado haijaniisha, kwa hiyo mkiona nawafokea humu ndani msidhani mmenikosea nyinyi. Jirani yangu alikwenda dukani kwake kulalamika kwamba maharage yake yamedumaa. Kijana akampa kichupa, akamwambia, "Mama, pulizia hii, ni busta, utakuja kunishukuru." Jirani akapulizia shamba zima. Haukupita muda maharage yakarefuka kupita kiasi, yakawa membamba, yamepauka, yakalala chini, na maua yote yakapukutika. Akaja kwangu analia. Nikakishika kile kichupa, nikavaa miwani, nikasoma. Ilikuwa homoni ileile ambayo mimi enzi za kazi niliishia kuitumia kwa tone, kwa ncha ya sindano, tena huku nimebana pumzi.

Nikamfuata dukani. "Mwanangu, hii unayouza unajua ni nini?"

"Ni busta, bibi."

"Inafanya nini?"

"Si inabusti tu."

Ala! Inabusti! Nikatoka pale, nikasahau hata kununua chumvi niliyotumwa na tumbo langu mwenyewe.

Sasa nyinyi vijana wa kilimo, mnaokuja Iringa kwa mafunzo ya vitendo na kupanga vyumba kwa wastaafu kama mimi, hebu nisikilizeni. Jina langu Sekela. Ni Mnyakyusa wa Rungwe niliyeolewa na Mhehe, ndiyo maana nimestaafia huku. Nilikuwa fundi wa maabara kwenye kituo cha utafiti wa mazao kule Mbeya, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchavusha maharage kwa mkono. Nachukua chavua ya mmea huu, napeleka kwenye ua la mmea ule, nangoja mtoto. Mkisikia watu wanasema bibi huyu amekula mshahara wa serikali kwa kuchezea maua, ndio mimi.

Kabla sijaendelea, hili mliandike mahali. Mbolea ni chakula. Homoni ni amri. Mmea unaambiwa refuka, au shikilia, au dondosha, nao unatii, hata kama huo utii utauua. Tena unga wa homoni ile hauyeyuki kwenye maji matupu. Unaanza na matone machache ya spiriti, unga ukishapotea kabisa ndipo unaongeza maji kidogo kidogo. Ukianza na maji utapata uvimbe unaoelea juu, halafu utasema dawa ni feki. Kijana wa duka hajui haya na anauza, na mwenye duka hajui na anapokea faida. Jamani, hivi kweli?

Haya, tuache duka. Habari yenyewe ilianzia Kilolo.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Daktari Mgaya, Mbena mmoja mrefu, mpole, mwenye kofia ya pama asiyoivua hata maabara. Kazi yake ilikuwa kutafuta mbegu mpya za maharage, na kila msimu tulikuwa tunatoka Mbeya kwenda kuangalia mashamba ya majaribio kwa wakulima. Mmoja wao alikuwa Mama Kikoti wa Kilolo, mjane mwenye watoto wengi wadogo na mdomo usiojua kumumunya maneno. Kwake maharage ndiyo yalikuwa mboga ya mwaka mzima. Yakifa, watoto wanakula ugali na chumvi. Na yalikuwa yanakufa.

Siku hiyo tulifika, tukasalimiana Kihehe, "Kamwene, mama," "Kamwene," na hata hatujakaa kwenye vigoda akang'oa mche mmoja akamwekea Daktari mkononi. "Angalia mwenyewe, baba."

Shina lilikuwa limevimba na kupasuka pale linapogusana na udongo. Daktari akalichana kwa kucha. Ndani funza wamejaa, weupe, wanene. Kuna kainzi fulani kadogo, kanataga mayai kwenye majani mche ukiwa bado mchanga, funza wanashuka ndani ya shina mpaka chini, na huko wanakula njia ya maji. Mmea unageuka njano, unanyauka, kwisha. Dawa ya mkulima asiye na dawa ni kupandishia udongo kwenye shina ili litoe mizizi mingine juu ya kidonda. Daktari akamweleza hivyo.

"Napandishia mpaka mgongo unataka kukatika," Mama Kikoti akasema. "Nikimpandishia huyu, kesho kafa yule. Halafu njooni muone kichekesho."

Akatupeleka nyuma ya nyumba, kwenye ua wa choo. Juu ya zile fito palikuwa na maharage yanayotambaa, majani mapana, maua mekundu kweli kweli, na mashina manene kama kidole gumba. Yale mnayajua wengine, watu wanayapanda kwa kivuli na kwa kujisitiri. Si maharage yetu ya kawaida, ni ndugu yao wa mbali.

"Haya hayafi," akasema. "Nimeyakata, nimeyamwagia maji ya moto, yanarudi. Inzi wanayatazama tu."

"Mnayala?" nikamuuliza.

"Majani tunakula. Punje zake utamaliza kuni za kipaimara bado ngumu." Akamgeukia Daktari, mikono kiunoni. "Nyinyi si mmesoma? Nipeni maharage yenye roho ya haya ya chooni na utamu wa yale ya shambani. Basi. Mimi sitaki semina."

Daktari akacheka. Lakini njiani kurudi, tulipokaribia Mbeya mjini, akasema, "Sekela, yule mama ametupa kazi." Tulikuwa tumebeba mbegu za pale chooni kwenye leso yangu.

Sasa sikilizeni ugumu ulipo. Ukifanya haragwe la shambani liwe mama na lile la chooni liwe baba, mbegu zinapatikana bila matata sana. Tulizipata. Tatizo ni wajukuu. Kadiri wanavyozaliwa wanarudi ujombani, wote maharage matupu, na funza anawala kama kawaida. Daktari akataka tugeuze, la chooni ndilo liwe mama. Hapo ndipo tulipokutana na ukuta. Ua linapokea chavua vizuri, ganda linaanza kutokeza, dogo kama mkia wa mjusi, unafurahi. Halafu ghafla kikonyo kinageuka njano na ganda linadondoka. Mmea unaitupa mimba. Hauitambui, hauitaki, basi.

Na msidhani kuchavusha ni kupaka paka. Unachagua ua ambalo litafunguka kesho, si lililofunguka leo, maana lililofunguka leo nyuki ameshafika. Unalifungua kwa kibano, unatoa vichwa vya chavua vyake kimoja kimoja bila kuutikisa mdomo wake wa kike. Kibano unakiosha kwa spiriti, na unangoja kikauke, maana spiriti mbichi inaua chavua na utalaumu uchawi. Halafu unafunika eneo zima kwa chandarua kwa sababu ya nyuki. Sisi tulitumia vyandarua vya mbu, vile vya bluu. Kila asubuhi nilikuwa naingia chini ya chandarua naokota maganda yaliyodondoka. Daktari anasimama nje ananiuliza, "Vipi leo?" Mimi simjibu, namwonyesha kiganja kimejaa. Tulikwenda hivyo msimu baada ya msimu. Nilifika mahali nikawa nayachukia yale maua mekundu.

Ndipo Daktari akasema tuagize homoni. Wenzetu wa nchi nyingine, akasema, wakitaka kuvusha mimba kati ya mimea ya koo mbili wanauambia mmea kwa dawa: shikilia. Ganda likishikilia muda wa kutosha, unafungua, unatoa kiinitete kabla hakijafa, unakilea kwenye chupa yenye jeli na sukari mpaka kiote.

Mara ya kwanza tulipulizia mmea mzima, kama jirani yangu wa juzi. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na mimea michache na tulijua tunajaribu. Mimea ikapanda ikasukuma chandarua juu, vijiti vitupu, ua hata moja hakuna. Daktari akavua kofia, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akajikuna. "Tumemlewesha mama," akasema, "badala ya kumtibu mtoto."

Tukabadilisha. Tukapunguza makali mpaka dawa ikawa karibu maji, tukawa tunaweka tone moja kwa sindano kwenye kikonyo cha ua lililochavushwa, pale tu, na kesho yake tena, na kesho yake. Tulizungushia kipande kidogo cha pamba ili tone lisikauke upesi. Mgongo uliniuma, macho yakaniuma, mume wangu akaniuliza kama nimeolewa na yeye au na maharage. Na asubuhi moja Daktari akasimama nje ya chandarua kama kawaida yake.

"Vipi leo?"

Nikamwonyesha kiganja kitupu.

Hakuelewa kwanza. Akadhani sijaokota. Alipoelewa akageuka upande wa pili, akajifanya anaangalia milima. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Funga uzi mwekundu." Kila ganda lililoshikilia nikalifunga uzi mwekundu wa kushonea kwenye kikonyo, ili nisije nikachanganya na mengine. Yalikuwa ya kuhesabika kwa mkono mmoja na kidogo. Viinitete vilikuwa bado vidogo mno kutolewa. Tulikuwa tunavingojea vikomae kidogo, na siku ya kuvitoa ilikuwa siku inayofuata baada ya ugeni.

Ugeni! Sasa hapo ndipo damu inapoanza kunichemka.

Kituo chetu kilipata taarifa kwamba mgeni rasmi anakuja. Mnajua nchi yetu mgeni rasmi akija. Mawe ya pembeni mwa barabara yanapakwa chokaa. Majani yanafyekwa mpaka udongo unaona aibu. Watu ambao hawajapewa glavu msimu mzima wanagawiwa tisheti. Aliyesimamia yote alikuwa afisa utawala wetu, ambaye wote tulimwita Bwana Utawala, mtu wa suti hata jua likiwaka, anayejua kila itifaki na asiyejua mmea hata mmoja. Akatangaza kwamba wafanyakazi wote, bila kubaki hata mmoja, watajipanga barabarani kumpokea mgeni kwa nyimbo.

Nikamfuata. "Bwana, naomba mimi nibaki kwenye chandarua. Kuna kitu cha kulinda."

"Maharage yatakimbia?"

"Hayatakimbia, lakini leo na kesho ni siku mbaya kuyaacha."

"Sekela, mgeni rasmi anakuja mara moja. Maharage yapo kila siku." Akanipa tisheti. Ilikuwa inanibana.

Tukajipanga. Tukaimba. Mgeni akachelewa, tukaimba tena. Jua la Mbeya halichomi sana lakini linakausha koo. Alipofika tukapiga vigelegele, tukatembezwa nyuma yake, hatimaye tukakaa chini ya maturubai kwa chakula, wao meza kuu, sisi nyuma. Kumbe mgeni alikuwa ameomba apikiwe mboga za kienyeji, na Bwana Utawala alikuwa amewaambia wapishi wapike majani ya maharage yaliyoungwa kwa karanga. Mboga nzuri hiyo, hata mimi naipenda. Niliiona inapita kwenye bakuli kubwa, nikameza mate.

Mgeni akala kijiko, akala cha pili. Kisha akasita. Akatia vidole mdomoni kwa heshima, akavuta. Akavuta uzi. Uzi mwekundu, mrefu, unameremeta mafuta ya karanga. Akauinua juu watu wauone, akacheka, "Hii ni mboga au ni cherehani?" Meza kuu wakacheka wote.

Mimi sikucheka. Uzi ule nilikuwa nimeufunga mimi mwenyewe. Ile homoni si sumu kwa mtu kwa kiasi kile, lakini sheria ya kazi ni moja tu, mmea uliowekewa dawa ya maabara hauliwi. Nikajikuta nimesimama, napiga kelele, "Mheshimiwa, tema!"

Mnyakyusa akipiga kelele anasikika, na kipaza sauti kilikuwa karibu. Walinzi wakanyanyuka. Mgeni akatema kwenye leso, macho yamemtoka. Bwana Utawala akaja mbio, akanishika mkono wa juu, akanivuta nyuma ya turubai huku anatabasamu kwa ajili ya wapiga picha.

"Umerukwa na akili?"

"Mmepika utafiti! Mmechuma kwenye chandarua!"

"Si maharage tu, Sekela?" akasema. "Utapanda mengine."

Msamehe mtu saba mara sabini, najua, mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Lakini neno hilo nimelibeba mpaka leo.

Nikakimbilia jikoni. Mpishi mkuu alikuwa mama mmoja wa kijiji cha jirani, mfupi, msafi, hodari, amevaa aproni mpya. Nikamuuliza nani kawaambia wachume kule. Akanijibu bila wasiwasi wowote, anafuta mikono, "Bwana Utawala. Alisema majani ya kwenye chandarua hayana vumbi la barabarani. Tena tulipofika tukakuta mmeshatuwekea alama. Nikawaambia wenzangu, jamani watafiti wana adabu, wametuchagulia yaliyo laini. Tukaanza na yale yenye uzi."

Walianza na yale yenye uzi! Ningeweza kulia, ningeweza kucheka. Na sikuweza kumkasirikia, maana alikuwa sahihi kabisa. Kwetu sisi mgeni hapewi jani gumu. Unachuma ncha, unachuma vile vijiti vichanga na viganda vilivyo laini, na mtu akikuwekea alama unashukuru. Alifanya kazi yake vizuri kuliko sote. Aliyekosea alikuwa amevaa suti.

Kwenye chandarua nilimkuta Daktari Mgaya amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chandarua kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni, kwa heshima, kama shuka. Mimea ilikuwa imebaki mashina. Nikazunguka nikitazama, naokota vipande vya pamba chini, na kwa sababu sikutaka aone uso wangu nikainua macho juu.

Ncha moja ya mmea ilikuwa imetambaa mpaka juu kabisa ya nguzo. Pale juu, karibu na kamba, palikuwa na uzi mwekundu.

"Daktari," nikasema. "Mpishi alikuwa mfupi."

Akasimama. Nikanyoosha mkono. "Usishike!" akasema. "Nawa kwanza."

Ganda lilikuwa bado changa kwa kazi ile. Lakini kuliacha pale usiku mmoja zaidi, na mafyekeo ya Bwana Utawala yakizunguka ili mandhari yapendeze, tusingethubutu. Tukaingia maabara mchana uleule. Nikawasha taa ya spiriti, nikaliosha ganda, nikalipitisha kwenye moto, Daktari akalipasua. Kisha akanipa kisu, maana mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake. Mbegu ya kwanza ilikuwa imekauka. Ya pili imekauka. Nje vipaza sauti vilikuwa vinanguruma, mgeni ameshatulia na anahutubia, anasema utafiti ndio uti wa mgongo wa kilimo chetu, watu wanapiga makofi. Mbegu ya tatu nikaifungua, na ndani mlikuwa na kitu cheupe, kizima, kidogo kuliko punje ya ulezi. Nikakiinua kwa ncha ya kibano. Nikakiweka kwenye jeli. Nikafunika chupa. Makofi yakalia tena huko nje, na Daktari akasema, "Angalau wanapiga kwa wakati."

Sasa subirini muone yaliyofuata, maana ndiyo yanayoniuma kuliko mboga yenyewe. Uvumi ukaenea mjini kwamba kituo kimemlisha kiongozi madawa. Kikao kikaitwa. Nilidhani wataulizana nani aliagiza majani yachumwe kwenye majaribio. Thubutu! Hakuna aliyeuliza. Bwana Utawala akasimama, akaeleza hatari ya kemikali, akapendekeza homoni zote zifungiwe kabatini na kazi ile isimame. Ikasimama. Daktari Mgaya akahamishiwa ofisini kuandaa taarifa za semina. Mimi nikapewa karipio kwa kupiga kelele mbele ya mgeni. Na yule mama mpishi, aliyechuma alipoambiwa achume, akaambiwa asirudi tena. Hakuna aliyemtetea, na niliposimama kumtetea nikaambiwa nimeshasema vya kutosha siku ile. Hivi nyinyi mnaona ni sawa? Mimi mpaka naingia kaburini nitasema si sawa.

Lakini chupa ilikuwa kwenye rafu, nyuma ya vyombo vya watu wa viazi, na kitu kilichokuwa ndani hakikuhudhuria kikao. Kikaota. Kikatoa majani mawili, mapana kama ya mama yake. Hatukuwa tunaiba chochote, ni mche wa kawaida wa maharage, lakini tulijua ukipandwa pale kituoni utafyekwa au utapikwa. Safari ya kwanza ya kwenda kuangalia mashamba ya Kilolo, nikaupakata kwenye kopo la rangi, na Daktari akaomba ruhusa ofisini kwake akaja nasi.

Mama Kikoti akautazama. "Ndio huo tu?"

"Ndio huo tu," Daktari akasema.

"Miaka yote hiyo?" Akaupokea lakini. Akaupanda mlangoni pa jiko lake, akauzungushia miiba dhidi ya kuku. Kila tulipopita huko tuliuwekea chavua ya maharage ya kawaida, kwa sababu maua ya mmea wenyewe yalikuwa karibu tasa, na baadaye tukamfundisha Mama Kikoti mwenyewe kuchavusha. Alikuwa na mkono mwepesi kunizidi, na matusi mengi kunizidi wakati wa kazi. Watoto wa mmea ule akawapanda katikati ya shamba lake lenye funza wengi. Waliokufa, wakafa. Waliobaki akawapika. Wanaomaliza kuni akawatupa. Wale wazuri akawafunga uzi mwekundu, kama alivyoniona mimi nafanya, na akaweka sheria nyumbani kwake: chenye uzi hakichumwi. Watoto wake walilia kwa njaa wakati mwingine na hawakugusa. Fikirini hilo. Watoto wadogo wa Kilolo waliweza kuuheshimu uzi ambao ofisi nzima ilishindwa.

Daktari Mgaya, sasa ni marehemu, aliwahi kufika huko mara ya mwisho akiwa na mkongojo. Shamba lilikuwa la kijani mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimetangulia kupita katikati ya mistari kutafuta miche iliyonyauka. Akasimama pembeni, kofia kichwani.

"Vipi leo?"

Nikamwonyesha kiganja kitupu. Safari hii hakujificha kutazama milima, alilia palepale, na Mama Kikoti akamfokea aache kumwagia maharage yake chumvi.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini mwezi uliopita jumuiya ya sala ilikuwa nyumbani kwangu. Na nani yuko kwenye jumuiya yetu? Bwana Utawala. Naye amestaafu, amejenga hapa Kihesa, ana shamba Kilolo. Kila Jumapili tunapeana mkono. Baada ya sala nikawaandalia chakula, wali na maharage ya Mama Kikoti. Akala, akaongeza, akafuta sahani kwa kidole.

"Mama Sekela," akasema, "haya maharage gani? Laini hivi! Mimi kule shambani funza wamenimaliza, msimu wa pili huu. Naomba mbegu, hata kiganja kimoja."

Nyumba ilikuwa imejaa watu. Nikaweka bakuli chini.

"Si maharage tu, Bwana? Utapanda mengine."

Akacheka. Alidhani namtania. Jamani, hakukumbuka! Neno nililolibeba miaka yote hiyo yeye alilitupa palepale nyuma ya turubai, akaenda zake kuagiza soda. Basi nikamkumbusha. Nikaeleza yote mbele ya jumuiya, kuanzia chandarua mpaka kikao, na nikamwambia kwamba alichokifuta kwa kidole kwenye sahani ni kile alichoamuru kipikwe. Mzee akainamisha kichwa. Mwenyekiti wa jumuiya akataka kuanzisha wimbo, nikamwomba angoje.

"Mbegu utapata," nikamwambia. "Sikunyimi. Ila kule Mbeya kuna mama mpishi aliyefukuzwa kwa kosa lako, yupo bado, anauza ndizi karibu na kwake, mimi huwa namtembelea. Nenda kamwambie mwenyewe kwamba alichuma vizuri. Akinipigia simu kuniambia umefika, njoo uchukue."

Nimempimia mbegu zake, nzuri, zimechaguliwa moja moja. Ziko kwenye mfuko juu ya kabati la vyombo. Mama wa Mbeya hajapiga simu. Na nyinyi mliopanga kwangu, mkirudi na njaa mchana sufuria lipo jikoni, kuleni mtakacho, lakini mfuko ule nimeufunga uzi mwekundu.